Bao la Hatua Moja

Benchi letu liko kati ya kinyozi na kibanda cha fundi cherehani. Mguu mmoja ulishakatika, tukaweka tofali, kwa hiyo anayekaa upande ule hata akisema kweli anayumba. Hapo ndipo Dele anauza kahawa, na jina kalipata kwa lile dele lake, birika la shaba analolisugua kuliko shingo yake. Mdogo wake wa kike ndiye Mwiba, namba tisa, yule yule mnayemsikia redioni. Dele kamlea mwenyewe baada ya wazazi wao kufariki, lakini uwanjani hajawahi kwenda, humtazama kwenye simu za wateja. Jana Mwiba kafunga bao lililoipeleka timu yake fainali. Asubuhi hii kapiga simu: klabu inampa mkataba wa mwaka mwingine, goti linamsumbua, je, asaini au atundike viatu? "Wewe ndiye baba yangu, kaka. Utakalosema ndilo." Jibu linatakiwa kabla ya adhuhuri. Basi Dele, badala ya kufikiri kama mtu mzima, katuuliza sisi.

— Mimi nasema arudi nyumbani, alianza mwenyewe, akimimina. Zamani alikuwa anawapiga chenga mabeki mpaka wanakaa chini. Siku hizi je? Mpira unamkuta langoni, anaugusa tu. Bao la jana hatua moja kutoka mstarini! Hata mimi na ndara zangu ningefunga.

— Wewe na ndara zako ungejifunga, alisema Refa. Huyo ndiye kinyozi wetu, na hakuna ubishi asioutolea kadi.

Fundi Pima, mshona nguo, akaweka sindano kofiani.

— Lakini mbona kila mechi yuko pale pale? Kipa akiutema, Mwiba yupo. Mpira ukigonga mwamba, Mwiba yupo. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo nayo imeingiaje hapa? aliuliza Refa.

— Kipa kaumwaga, Mwiba kauzoa!

— Si umesema hayazoleki?

— Ndiyo ujue yule binti si wa kawaida.

Hapo hata mimi nilitikisa kichwa, na mimi ni mgumu kusifia watu.

— Sikilizeni, alisema Refa. Mpira wenyewe ndio unaomfuata. Dele, si alikuwa analala na mpira utotoni?

— Wa matambara. Nikiuchukua, analia mpaka majirani wanaamka.

— Kwisha kazi! Mpira ule uliwasimulia wenzake. Mipira yote inamjua.

— Ondoka hapa, alidakia Redio, dereva mstaafu ambaye akiwashwa hazimiki. Siri ni lile goti! Goti la mama mkwe wangu lilikuwa linatabiri mvua. Baadaye likaanza kutabiri wageni, tukawa tunapika kwa kulitazama. La Mwiba linatabiri krosi! Madaktari wasiliguse. Likipona tu, timu imeshuka daraja.

Tulicheka mpaka tofali likachomoka. Dele hakucheka.

— Nyie chekeni. Goti hilo nimelikanda mimi kwa maji ya moto, akitoka mazoezini analia huku anasema haliumi. Nikimwambia aendelee akavunjika, nitamtazama kwa macho gani? Na nikimwambia aache, naye bado ana mabao ndani? Atanitii, ndiyo kinachoniogopesha. Yule atanitii.

Basi kila mtu akawa na shughuli na kikombe chake. Refa akatoa simu akaliweka lile bao. Tukalundikana. Winga anakimbia, krosi, kipa anautema, Mwiba huyo. Hatua moja.

Nyuma yetu alikuwepo mama mmoja mgeni, aliyefuata sketi yake kwa Fundi Pima akaambiwa imebaki kifungo tu, maana yake bado haijakatwa. Akachungulia.

— Samahanini, kaka zangu. Mpira mimi siujui. Kabla ya mpira kufika pale, huyu binti alikuwa wapi?

— Alikuwa... pale pale, alisema Refa.

— Pale naona walikuwepo mabeki. Yeye nimemwona mpira ukishafika.

Refa akarudisha. Tukatazama tena. Kamera ilikuwa inaufuata mpira, kama sisi. Mwiba hayupo, hayupo, halafu yupo. Akarudisha mara nyingine. Redio akavua miwani, akaifuta, na alikuwa amezimika.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Fundi Pima taratibu, na tangu nimjue hiyo ndiyo methali yake ya kwanza kukaa mahali pake.

Dele alikuwa ameshapiga simu, akaiweka spika.

— Haya kaka, sema. Nakusikiliza, alisema Mwiba.

— Lile bao la jana. Kabla mpira haujafika, ulikuwa wapi?

Tukasikia anacheka.

— Nilikuwa kule mbali, kaka, kusiko na mpira. Nikawa nachechemea kuliko ninavyoumwa. Beki akaniona nimekwisha, akaniacha, nikamzunguka. Chenga ni zile zile, ila siku hizi nazipiga mpira ukiwa bado haujaja. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Dele alijifuta uso kwa kitambaa cha vikombe.

— Na mkataba, kaka?

— Goti ni lako, mama. Ukisaini nipo, ukiacha nipo. Mimi nitakuamuliaje kitu ambacho sijawahi kukiona? Ila fainali nakuja uwanjani. Wenzangu watautazama mpira. Mimi nakutazama wewe, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Alipokata simu, Refa akanyoosha kikombe aongezewe. Dele akalipindua dele juu ya mtaro, likatoa tone moja.

— Kahawa imekwisha. Nendeni mkafanye kazi, mwenye sketi yake amesimama.