Mwalimu Kengele na Uongo wa "Nimekushika"

Marehemu mama yetu aliacha maagizo mawili kuhusu wasifu huu: usizidi dakika kumi, na usomwe na mtu aliyewahi kufelishwa naye. Agizo la pili halikutusumbua, maana nusu ya mliokaa hapa mnastahili. Nimechaguliwa mimi, mkaza mwana wake, kwa sababu alinifelisha mara mbili na bado tukaendelea kula meza moja.

Mama alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta. Baba yake alikuwa mpeleka barua, na baiskeli yake nyeusi ya kazi ililala ndani pamoja na watoto, kwa kuwa ilikuwa mali ya serikali na watoto hawakuwa. Alipofikisha miaka minane aliomba kufundishwa. Miguu haikufika, ikabidi apitishe mmoja chini ya mtalimbo na kuendesha amepinda kama mtu anayechungulia uvunguni. Baba yake alikimbia nyuma akishika kiti. "Umenishika?" "Nimekushika!" "Umenishika?" "Nimekushika!" Jibu la tatu lilitoka mbali mno. Mama aligeuka, akamwona baba yake amesimama hatua thelathini nyuma, mikono kiunoni, anacheka. Akaangukia kidevu. Kovu lile mnalijua wote. Kila aliposimulia kisa hiki alisisitiza kwamba hakulilia kidevu. "Kidevu kilipona baada ya wiki mbili," alisema. "Lakini baba yangu aliniambia amenishika." Alimpenda baba yake hadi siku alipomzika, ila neno lile hakulisahau.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959, akaendelea na sekondari mwaka 1966, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi, kwa baiskeli aliyorithi kwa kaka yake ikiwa na breki moja. Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha ualimu, na Januari 1972 aliajiriwa kufundisha shule ya msingi. Sauti yake ilikuwa ndogo na darasa lilikuwa na watoto hamsini na wawili. Wiki ya pili alifungua kengele ya baiskeli yake, akaiweka mezani, akailiza mara moja. Darasa zima likanyamaza. Tangu siku hiyo akawa Mwalimu Kengele, na kengele ile aliitumia hata nyumbani kutuita mezani, jambo ambalo sisi wengine tuliona limepita kiasi.

Mwaka 1976 alipeleka sketi kwa fundi cherehani wa mtaani, akitaka ifupishwe kidogo ili isinaswe na mnyororo. Fundi akamuuliza, "Mwalimu, unakimbilia wapi?" Akajibu, "Kazini. Wewe shona." Sketi ilipokuwa tayari alipigiwa simu shuleni kwamba ina kasoro, arudi kupimwa upya. Akarudi. Ikapatikana kasoro nyingine. Alirudi mara tatu, na mara ya nne fundi alikiri kwamba sketi haikuwa na kasoro tangu mwanzo. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977. Fundi huyo ndiye Baba, aliyekaa kiti cha mbele, na ninawaomba mkikumbuke kisa cha sketi kwa sababu tutakirudia.

Mwaka 1984 mwanafunzi wake mmoja, mvulana wa miaka kumi na moja, aligongwa na gari alipokuwa anakata kona kwa baiskeli kutoka shuleni. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Mama alikaa kando ya kitanda chake hospitalini, akamuuliza nani alimfundisha kuendesha.

"Kaka yangu."

"Hakukwambia uangalie nyuma kabla ya kukata kona?"

"Aliniambia nisiangalie nyuma kabisa. Nitaanguka."

Jioni ile Mama hakula. Baba anasema alikaa mezani akiuliza swali moja tu: kaka naye alifundishwa na nani? Hapo ndipo alipoona kwamba kufundisha watoto mmoja mmoja ni kuteka maji kwa kijiko. Wanaotakiwa kufundishwa kwanza ni wanaofundisha. Alizungusha barua katika ofisi zote zilizokuwa na mlango, kwa miaka minne, hadi mwaka 1988 ofisi ya usalama barabarani ikampa chumba namba nne, ubao, mabenchi mawili na baiskeli sita, mbili kati ya hizo zikiwa na magurudumu. Mvulana yule alipona, akawa fundi baiskeli, na ndiye aliyezitengeneza zile nyingine nne. Yupo hapa leo.

Kozi ilikuwa Jumamosi nane. Aliyekuja akidhani atafundishwa kupanda alishangaa, maana Mama alianza na kusimama, kisha kushuka. "Mguu wa kushoto kwanza, upande wa kando ya barabara, taratibu. Anayejua kushuka haogopi kupanda." Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Mtahiniwa alipewa mtu mzima asiyejua baiskeli kabisa, na saa mbili za kumfanya asimame kwa breki, ashuke salama, aende mita ishirini, na aangalie nyuma bila kuyumba. Kilikatazwa kitu kimoja: kumwambia mwanafunzi "nimekushika" ilhali umeachia. Aliyesema hivyo alifeli papo hapo, hata kama mwanafunzi alikuwa anaruka kama ndege. "Ukimdanganya siku ya kwanza," alisema Mama, "barabarani atakuamini nini?"

Kazi ilikuwa kuwapata watu wazima wasiojua. Jumamosi moja ya mwaka 1994 aliyeahidi hakutokea, na Mama akamwita Baba aache cherehani. Baba kweli hakujua. Alianguka mara tano, mbili kati ya hizo ndani ya ua wa jirani. Mtihani uliofuata akajitolea tena, na uliofuata, akisema kichwa chake ni kizito na yote ameshasahau. Kwa miaka sita Baba alikuwa mwanafunzi wa mtihani. Watahiniwa kumi na tisa walimfundisha mtu huyohuyo kuendesha baiskeli ileile.

Asubuhi moja ya mwaka 2000 Mama alisahau rejista nyumbani. Akapiga simu, Baba akasema anaileta. Mama akajua ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, akaanza kufuta ubao. Baada ya dakika kumi alitazama dirishani, na akamwona mumewe anaingia kona kwa baiskeli, rejista kwapani, ameangalia nyuma, ametoa mkono wa ishara, hayumbi hata kidogo. Mama alisema hajawahi kuona kona iliyokatwa vizuri namna ile.

Alimngoja mlangoni. "Umejua lini?"

"Kwa yule wa pili."

"Na hao kumi na saba waliobaki?"

"Nilikuwa naanguka tu."

"Mume wangu, kwa nini?"

Baba akatazama chini. "Jumamosi zote unatazama watu. Siku ya mtihani unanitazama mimi."

Hiyo ndiyo sketi ile niliyowaomba mkumbuke. Baba ameniruhusu kusoma maneno hayo, na nimemshukuru. Mama alimkumbatia palepale, mbele ya darasa. Kisha akaingia ndani, akaandika barua kumi na saba za kufuta vyeti kumi na saba. Wengi walimsihi aache, kwani nani angejua? Alijibu kwamba walimu hao wako mashuleni na watoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonekana akimfundisha mtu mwenye hofu ya kweli. Mtihani ulirudiwa kwa miezi kumi na minne. Adhabu ya Baba ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani hajui baiskeli. Kumi na watatu walifaulu upya. Wanne walifeli, na watatu kati yao wakasoma tena wakafaulu. Wa nne alirudisha cheti kwa shukrani, akieleza kwamba tangu mwanzo alikuwa anaogopa watoto kuliko magari. Na tangu mwaka huo kila cheti kikawa na saini mbili: ya mtahini, na ya mwanafunzi, chini ya maneno haya: "Nilikuwa siwezi. Sasa naweza."

Mimi niliolewa na mwanawe mwaka 2009. Mwaka 2011 nilifanya mtihani, nikasema "nimekushika" nikiwa nimeachia, nikafeli. Usiku huo alinipakulia chakula kingi kuliko wote, akasema, "Mwanangu, nakupenda. Cheti ni kitu kingine." Mwaka uliofuata nikafaulu. Mwaka 2019 nikajaribu mtihani wa ukufunzi, unaompa mtu haki ya kufundisha walimu na kutahini. Mwanafunzi wake lazima awe mtu aliyewahi kuanguka akaapa hatapanda tena. Yule mama niliyepewa alitetemeka, nikamwonea huruma, neno likanitoka. Nikafeli tena. Nilimnunia mama mkwe wangu wiki tatu. Leo naona haya kulisema, lakini yeye angetaka lisemwe.

Tarehe 9 Februari 2021 Mama alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakawa yanakuja mojamoja. Alipojaribu kupanda baiskeli uani alianguka, akasema hapandi tena, akaingia ndani. Wakufunzi walikuwa wamebaki wawili, yeye na mwenzake mstaafu aliyehamia mbali kwa wanawe, macho yake yakiwa yameanza ukungu. Ofisi ikaandika kwamba bila mkufunzi mpya chumba namba nne kitafungwa mwisho wa mwaka 2022. Hakuna kilichomuuma Mama kama barua hiyo, hata mkono uliokufa ganzi.

Siku moja alinigongea kengele. Nikaenda nikidhani anataka maji. Akasema, polepole, "Nilianguka. Niliapa. Natimiza masharti."

Nilikataa. Nikamwambia, "Mama, nikikuangusha je?" Akajibu, "Nitaanguka na mtu mkweli."

Daktari alikubali kwa masharti marefu. Fundi baiskeli alishusha kiti hadi nyayo zote mbili zikagusa chini, na akahamishia breki zote mkono wa kushoto. Mkufunzi mstaafu alisafiri siku moja na nusu kuja kukaa kiti cha mtahini. Ikawa Jumamosi ya tarehe 8 Oktoba 2022, kwenye uwanja wa shule. Baba alisimama kando na futi yake ya kupimia nguo shingoni, amejifunika macho, anachungulia.

Nilishika kiti. Tukaenda hatua kumi.

"Umenishika?"

"Nimekushika, Mama. Nikitaka kuachia nitakwambia."

Tukaenda tena. Mgongo wake ulianza kunyooka. Kila kiungo changu kilitaka kusema lile neno la huruma.

"Umenishika?"

"Naachia sasa, Mama. Nimeachia. Sijakushika."

Aliyumba kulia. Nikasikia Baba anamwita Mungu. Kisha Mama akanyooka, akaenda, na akiwa katikati ya uwanja aligeuza kichwa akaangalia nyuma. Aliniona niko palepale nilipomwambia niko. Akafunga breki, mguu wa kushoto ukatangulia chini. Mtahini alipima mita ishirini na tatu. Mama akaletewa cheti changu, akasaini kwa mkono wa kushoto mahali pa mwanafunzi, ambapo hakuwahi kusaini maisha yake yote, chini ya maneno "Nilikuwa siwezi. Sasa naweza." Mwandiko ni wa kuku aliyefukuzwa, na nimeuwekea fremu. Chumba namba nne hakikufungwa. Jumamosi ya keshokutwa kina wanafunzi kumi na mmoja.

Aliishi mwaka mmoja na nusu zaidi, na tunamshukuru Mungu kwa kila siku yake. Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 2 Mei 2024. Alasiri ya Jumapili tarehe 5 alifumbua macho, akaniuliza, "Umenishika?" Nilikuwa nimemshika kwa mikono yote miwili, nikamjibu, "Nimekushika, Mama," na safari hii lilikuwa kweli. Alifariki saa kumi na dakika ishirini, Baba akiwa upande wa pili.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliojitolea kuwa hawajui baiskeli, na fundi baiskeli aliyesukuma mkokoteni wa jeneza lake asubuhi ya leo, akitembea kwa mguu uliovunjika mwaka 1984.

Marehemu ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wajukuu watano, dada mmoja, walimu mia mbili na kumi na wawili wenye vyeti halali, na watoto wengi barabarani ambao hawajui jina lake lakini huangalia nyuma kabla ya kukata kona.

Teremka taratibu, Mama, mguu wa kushoto kwanza. Baiskeli tumeishika. Pumzika kwa amani.