Barua Iliyochelewa ya Eck Rintoul

Bwana Alexander Rintoul, ambaye hakuna anayemwita hivyo isipokuwa daktari wake, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 25 Julai 2025, baada ya kuutunza mfereji wa kijiji chetu, Balfennan, kwa miaka arobaini na sita na wiki sita. Sisi tunamwita Eck.

Alianza Jumatatu ya tarehe 11 Juni 1979, akiwa na miaka kumi na tisa. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alizungusha mkono wa chuma, akainua lango, maji ya mto yakaingia mferejini mpaka kiwanda cha kitani, ambako watu mia mbili na kumi walingoja mitambo ianze kufuma. Jioni alilishusha. Mvua ikizidi, alilishusha mapema na kufungua lango la pembeni, ili maji yarudi mtoni yasiingie Safu ya Chini, zile nyumba za wafanyakazi tunazokaa mpaka leo.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1983. Wote mia mbili na kumi walipata barua za kuachishwa. Eck hakupata, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi wa wenye mto, si ya kiwanda. Jumatatu iliyofuata alikwenda kama kawaida, akainua lango, na gurudumu la maji lililokuwa likiendesha mitambo likazunguka ndani ya jengo tupu. Isbel Geddes, mfumaji aliyekuwa jirani yake na ni jirani yake bado, alimpigia kelele kutoka dirishani: "We Eck, umepata wazimu? Humo hamna mtu!"

"Mimi hakuna aliyeniambia niache," Eck akajibu, akaendelea kuzungusha.

Hajaambiwa mpaka leo. Baadaye halmashauri iliuchukua mfereji na kumkuta Eck humo, kama mtu anayenunua nyumba akakuta ina paka.

Siku ya harusi yake mvua ilianza wakati wa kupiga picha. Katika picha hiyo bwana harusi amelowa mpaka magotini, maana alikuwa ametoka langoni mbio. Mkewe, Netta, huionyesha kwa kila mgeni na kusema, "Nilijua naolewa na wawili, yeye na mfereji wake."

Januari 1993 mto ulifurika siku tatu. Ilibidi maji yamwagwe upande mmoja, na Eck akachagua upande. Katika Safu ya Chini nzima lililowa zulia la nyumba moja tu, na nyumba hiyo ilikuwa yake. Hajawahi kulitaja jambo hili. Nimeambiwa na Netta.

Mimi nilikuja hapa miaka kumi na moja iliyopita kuchimba mitaro, nikidhani nitakaa msimu mmoja. Neno la kwanza la Eck kwangu lilikuwa, "Mwanangu, hiyo sepetu unaibembeleza?" La pili lilikuwa kunikaribisha chai. Tangu hapo, kila wiki ya likizo ya kiwanda, ambayo kijiji hiki bado kinaishika ingawa kiwanda hakipo, tunaukausha mfereji pamoja na kutoa tope. Mwaka mmoja tulitoa meno ya bandia ya Isbel, yaliyopotea miaka minne, ambayo alikuwa amemsingizia mbwa. "Yaoshe, Eck," alisema, "nitayavaa Jumapili."

Novemba iliyopita Eck aliteleza langoni na goti likaharibika. Daktari akasema basi. Halmashauri ikasema hakuna atakayeajiriwa baada yake. Eck akasema kama ni hivyo yeye haondoki, goti au hakuna goti. Tulipombembeleza alifoka: "Nani atalishusha lango? Nyinyi? Saa kumi na mbili mnakoroma!"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nyumba zinazoweza kuingia maji ni zetu, na miaka yote hiyo tulilala tukijua yuko macho.

Kwa hiyo watu saba wa Safu ya Chini tumejifunza kazi, kila mtu na siku yake, na halmashauri imekubali. Mwalimu alikuwa Eck mwenyewe, na alitutukana vya kutosha. Juzi alitutazama wote saba tukishusha lango kwa zamu, kisha akauchomoa ule mkono wa chuma na kuuweka mikononi mwa Isbel.

Eck, barua yako ndiyo hii. Imechelewa miaka arobaini na miwili. Inasema kwamba kazi imekwisha, na uliifanya vizuri. Jumatatu ni zamu ya Isbel, mwenye miaka sabini na moja na meno yake yote. Tunajua utakuwa dirishani unamchungulia. Chungulia tu, usivae buti.

Asante kwa mazulia yetu makavu. Tunakutakia goti zuri, chai ya moto mkono mmoja na Netta mkono wa pili, na asubuhi nyingi za kulala mpaka jua likuchoke.