Flashi Katika Pembe ya Kitenge

Mu lori ya Salamabila, Mama Cécilia alifunga flashi katika pembe ya kitenge, vile sisi tunafungaka dawa.

"Maneno ya siri yote ya ordinatere, kompyuta yangu ya Kasongo, iko humu," akamwambia papa mumoja wa miwani aliyeikala kando yake. "Bwana wangu atayaingiza mu ya kwake kule Salamabila. Kila mwezi ninamupelekea."

Papa akacheka. "Mama, Salamabila iko na antena sasa! Tuma mu internet, yatafika mbele ya lori."

"Najua. Bwana aliniandikia: usijisumbue tena." Akakaza fundo. "Lakini mimi, papa, nitapita mu antena gani?"

Papa akaanza kueleza upya, polepole. Miwani haisaidiake masikio.

Lori ikasimama Salamabila. Mama Cécilia akashuka wa kwanza, fundo mukononi.