Hajati Nabilah na Foleni Iliyomharibia Jina

Baada ya miaka thelathini na miwili mapokezini, Hajati Nabilah Abdunoor anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, na anaondoka na mashaka yake yote. Hata keki ya leo ameikagua chini. Alishuku saa ya ukutani, alishuku chai iliyopikwa na mwingine, na sisi wa chumba cha dawa alitushuku zaidi.

Ila kompyuta ndiyo aliyoishuku kuliko vyote. Ilipoletwa zahanati yetu ya Kamwokya, ilianza kuwapanga wagonjwa wa kila asubuhi kwa alfabeti, naye akawaita kama walivyotokea kwenye skrini. Basi Élodie, Édith na Émérence, hata wakifika alfajiri, waliitwa baada ya Zaina. Siku moja Mama Élodie alisimama mbele ya foleni nzima akauliza, "Hajati, sisi Wakongo hatuumwi kama wengine?" Hajati, ambaye babu zake walikuja na jeshi kutoka Sudani na ambaye ameitwa mgeni tangu utotoni, aliumia sana. Hata sisi tulianza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Fundi Okinyi akaitwa, akasema mashine haijui kabila la mtu.

Hajati akamkatiza: "Ssebo, bwana wangu, kama hii kitu haijui kabila, mbona kila siku Mkongo tu anakuwa wa mwisho?"

Okinyi akachimba, akagundua kwamba mashine hupanga herufi kwa namba zake, na É ilipewa namba iliyo baada ya Z. Akapendekeza alama za juu ya herufi zifutwe. Hajati alikataa katakata: jina la mtu halinyolewi ili mashine ipate raha. Ikabidi É ihamishiwe kwa E, Mama Élodie akiwa ameketi pale pale anashuhudia.

Palibaki mzee aliyejiandikisha kwa herufi za Kiarabu. Akae wapi? Walibishana mpaka wakachoka, wakaamua wagonjwa waitwe kwa zamu ya kufika, na alfabeti ibaki ya kutafutia mafaili.

Jumatatu iliyopita Mama Élodie alipanga foleni kama kawaida. Alipoitwa, alisema haumwi popote. Alitaka tu kusikia jina lake likiitwa na Hajati mara moja zaidi. Hajati alimwangalia kwa mashaka, kisha akalia mbele yetu sote.

Asante kwa yote, Hajati. Mungu akupe afya na mapumziko marefu pale Kibuli, na majirani unaoweza kuwaamini.

Ajwang, chumba cha dawa