Mate ya Mtu wa Sitini

Nyinyi wa viti vya nyuma mnaoguna kabla sijafungua karatasi, guneni mmalize, maana najua mnasema huyu bibi wa darasa la saba atatusomea nini cha maabara, nami nawaambia kila tarehe iliyomo humu nimeinakili kwenye madaftari ya marehemu mwenyewe, na mwenye shaka akayasome, kama atauweza mwandiko wa daktari.

Pia acheni kunisukumia vikombe vya chai. Sijala tangu jana jioni, wala sijapiga mswaki, na si kwa majonzi. Leo kabla ya saa sita mchana natakiwa kutema mate kwenye chupa, kwenye maabara ya hospitali ya meno, na mate ya mtu aliyekula hayapokelewi.

Marehemu mdogo wangu, ambaye nusu yenu mlimwita Tema Hapa, alizaliwa tarehe 9 Februari 1958, mtoto wa mwisho wa baba yetu mshona viatu, nami nikiwa na miaka saba nilimbeba mgongoni mpaka akaota meno, ambayo aliyajaribia begani kwangu. Alianza darasa la kwanza Januari 1965, akamaliza kidato cha sita mwaka 1977, akasomea udaktari wa meno, akahitimu Novemba 1983, akapangiwa kung'oa, siku nyingine meno arobaini kabla ya mchana, kazi aliyoiweza lakini hakuipenda, akisema kila mdomo anaufikia nyumba imeshateketea.

Mwaka 1989 akahamia maabara ya utafiti wa magonjwa ya kinywa, chumba chenye friji mbili na hadubini moja iliyogoma, na fundi saa aliyeitwa kuitengeneza akatumia wiki tatu kwa kazi ya siku moja, ndipo tukajua kuna jambo, wakaoana tarehe 4 Agosti 1990, wakajaliwa watoto wawili, binti nesi na kijana seremala, hao hapo mbele.

Sasa kaeni sawa, hapa ndipo penyewe. Mwezi Mei 2014 nilisimama jikoni kwake nikimgombeza kwa kukosa msiba wa shangazi, nikagomba kwelikweli, naye akanikodolea macho mdomoni, akasema, "Dada, usiufunge, endelea tu kugomba, inua na ulimi." Chini ya ulimi palikuwa na baka jeupe, zawadi ya tumbaku niliyotafuna miaka thelathini. Mabaka hayo mengi hukaa tu, machache hugeuka saratani, na kuyatofautisha ilibidi kukata kipande cha nyama, na watu wakishaona kisu hawarudi. Yeye alikuwa akiuliza kama mate yenyewe yanaweza kusema mapema, akawa ameandikisha watu themanini na watatu, nami nikawa wa mwisho, kila mtu kutema mara moja kwa mwaka kwa miaka kumi, chupa ina namba, haina jina, hata yeye asijue ni ya nani, na majibu yafungiwe mpaka mwisho. Siku ya kwanza nilisugua meno yakang'aa, si naenda kwa daktari, akamwaga chupa akasema nimemletea dawa ya meno, nirudi kesho yake, tarehe 21.

Wengine walihama, wengine wakafa, wengine wakachoka, na utafiti ulihitaji watu sitini wafike mwisho. Agosti 2021 moyo wake ulianza kuvimba, akalazwa mara nne, akihesabu chupa kitandani, na Ijumaa hii iliyopita alinishika mkono akauliza, "Dada, Jumanne hutakunywa chai?" nikamjibu ashughulike na kupona, asinifundishe kufunga mdomo. Alifariki Jumamosi, tarehe 18 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Waliomaliza ni hamsini na tisa. Leo ndiyo Jumanne, tarehe 21. Nisipotema kabla ya saa sita, miaka kumi ya mdogo wangu ni maji ya kunawia, na nikitema, sanduku la majibu linafunguliwa leo hii, na humo limo jibu la baka langu, zuri au baya, nami sijawahi kuwa na haraka namna hii tangu siku ya harusi yangu.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya moyo, majirani mliopika, ingawa mmepika mbele ya mtu mwenye njaa, na wafanyakazi wenzake wa maabara, ambao wameacha dirisha wazi wakinisubiri.

Makaburini saa tisa nitakuwepo. Mdogo wangu, lala kwa utulivu, uliyoyaacha nakupelekea mwenyewe. Shemeji, shika karatasi hii. Natoka, naufunga mlango, na asinifuate mtu na kikombe.