Mto Uliopanda Mlima

Benchi letu liko kwenye kona, mbele ya duka la ushonaji, na mimi ndiye ninayewamiminia kahawa wanaolikalia. Kushoto hukaa Soli, fundi viatu. Kulia hukaa Gia, dereva mstaafu wa malori, ambaye ukimsikiliza yeye hakuna pembe ya nchi hii ambayo hajaikanyaga. Katikati leo alikaa Mama Uzi, mwenye duka, kajitandazia nchi nzima mapajani. Kaishona mwenyewe kwa vipande vya nguo: maziwa ya bitana ya bluu, milima ya kodrai, mto mkubwa wa utepe. Kesho ana mtihani wa elimu ya watu wazima. Mwaka jana jiografia ilimwangusha, akalia siku mbili. Na kitambaa hakiruhusiwi kwenye chumba cha mtihani, kwa hiyo nchi lazima iingie kichwani leo.

MAMA UZI: Jamani, mbona hainikai? Kitabu kinasema mto unatoka milimani, unakwenda mashariki, unaingia baharini. Mimi nikiufuata utepe kwenda mashariki, nafika mlimani!

GIA: Kitabu kakiandika mtu aliyekaa kitini. Mto ule unapanda.

SOLI: Unapanda mlima?

GIA: Haba na haba hujaza kibaba. Unapanda kidogo kidogo, jicho haling'amui.

MAMA UZI: Na ukishafika juu?

GIA: Unapumzika. Ile barafu ya kileleni unadhani nini? Ni mto umelala.

Nilikuwa namimina, nikasahau mkono hewani. Niliuona huo mto, mweupe, umejikunja kileleni kama paka.

SOLI: Basi na ziwa la kaskazini halina kitako. Maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo maana hakuna aliyekwenda kulipima.

MAMA UZI: Sasa maji yanaishia wapi?

SOLI: Hayaishii. Yanatokea upande wa pili, yanakuwa mvua. Wewe unadhani mvua inatoka juu? Inazunguka tu.

GIA: Na ile nyika ya katikati inatembea. Egesha lori jioni, asubuhi unakuta umesogezwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Tungeweza kukaa humo ndani ya nchi hiyo hadi kahawa iishe. Lakini nilipomtazama Mama Uzi, roho iliniuma: alikuwa anayaandika yote kwenye daftari, tena kwa mwandiko mzuri.

Hapo akafika mteja, bwana mmoja mgeni, suruali ya kupunguzwa ikiwa begani. Alisimama akasikiliza kidogo.

MTEJA: Samahanini. Kati yenu, nani ameuona huo mto?

Soli akainamia kiatu. Gia akapuliza kikombe ambacho hakikuwa na kitu.

MAMA UZI: Gia? Si wewe uliyefika kote?

GIA: Nilikuwa utingo, dada. Si dereva. Miaka kumi na minne nimekaa nyuma, chini ya turubai, nashikilia mzigo. Mto nilikuwa nausikia tu. Mengine nikayawaza.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, mpenda kucheka.

MTEJA: Mimi nimezaliwa pale mto unapoingia baharini. Jua tulikuwa tunaliona likichomoza majini.

MAMA UZI: Likichomoza majini? Basi bahari iko mashariki kweli...

Akakitazama kitambaa, akajipiga paji la uso.

MAMA UZI: Mungu wangu! Nilichora kwa chaki upande wa ndani, kama ninavyochora suruali. Nchi nzima nimeigeuza, mashariki imekuwa magharibi!

Akaipindua. Rangi zote zikapotea, ikabaki mishono na ncha za nyuzi. Nikadhani atalia. Akafumba macho, akaweka kidole kwenye mshono wa milima, akaanza kushuka polepole, akitaja: milima, maporomoko, bonde, ziwa, nyika, kinamasi. Hakukosea hata kimoja. Kidole kikafika kwenye pindo, kikasimama.

MAMA UZI: Bahari.

Alipofumbua macho yalikuwa yamelowa. Akatafuta mji wetu kwenye kitambaa, akauona, akaugusa.

MAMA UZI: Kumbe nchi ni kubwa hivi. Na mimi miaka hamsini na miwili nimeishi hapa, mahali panapofunikwa na ukucha.

Gia aliweka kikombe chini, akamsogelea.

GIA: Rudi mlimani, dada. Shuka tena, taratibu. Safari hii shika kidole changu, na mimi niuone.