Tjitske Hoekema na Watu Saba wa Ile Ndege (1924–2011)

Bibi yetu, Tjitske Hoekema, alizaliwa tarehe 14 Machi 1924 hapa Wiersum, Friesland, mtoto wa pili wa mkata matete Sjoerd Wiarda na mkewe Baukje. Kaka yake, Rinse, alizaliwa miaka miwili kabla yake.

Alisoma shule ya kanisa hadi alipotimiza miaka kumi na tatu. Mwalimu wake aliandika kwamba akili anayo, ila mdomo hautulii. Kisha akafanya kazi na baba yake, wakikata matete ya kuezekea na kuyasafirisha kwa boti.

Asubuhi ya tarehe 22 Mei 1944, ndege ya mabomu ya Waingereza ilianguka kinamasini kwetu ikiwaka moto. Ndani walikuwa watu saba. Watatu waliruka kwa miavuli, na wawili kati yao walikamatwa upesi. Wa tatu, mpiga bunduki wa mkiani aliyeitwa Leonard Astbury, mwenye miaka kumi na tisa, Bibi alimkuta mtaroni, kifundo kimevunjika, maji yamemwingia kifuani. Alimlaza ndani ya boti, akamfunika kwa matete, akashika pondo.

Penye daraja askari wa Kijerumani alimpungia mkono asimame. Bibi alijua amekwisha. Kumbe yule askari alikuwa mzee aliyechoka kutembea, alitaka kuvushwa ziwa. Akaketi juu ya matete, bunduki mapajani. Walipofika katikati ya maji, Leonard akakohoa. Papo hapo Bibi naye akakohoa, kwa nguvu zaidi. Ikawa hivyo njia nzima: kijana akianza, Bibi anamfunika kwa kikohozi chake, hadi koo likamuuma kweli.

"Kifua hicho kibaya, binti," askari alisema. "Kwenu hakuna maziwa ya moto?"

"Ng'ombe mmechukua nyinyi," Bibi akajibu.

Wakafika ng'ambo. Askari alishuka, akaenda zake. Bibi alitwambia alibaki ameketi botini muda mrefu kabla ya kuweza kumwangalia mgonjwa wake.

Leonard alifichwa darini nyumbani kwa kina Bibi siku kumi na moja, kisha Bibi akampeleka kijiji kingine. Kesho yake askari walikuja. Kuna mtu alikuwa amewachongea. Walipomkosa Mwingereza walimchukua Rinse. Alifia katika kambi ya wafungwa ya Wajerumani Februari 1945. Bibi hakutaka kusifiwa kwa habari ya boti kama anayemsifu hakumtaja Rinse, nasi tunamtaja leo.

Mwaka 1946 Leonard alirudi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hathubutu kuingia. Mama yake Bibi, Baukje, alimvutia kiti.

"Kaa, mwanangu. Kilikuwa cha Rinse. Kikikaa kitupu hakimrudishi."

Tarehe 6 Mei 1948 Bibi alifunga ndoa na Gosse Hoekema, mwoka mikate, wakajaliwa watoto watatu. Dukani wateja walikuja kwa mkate, wakachelewa kwa maongezi. Kila Jumamosi Bibi alikwenda kupalilia makaburi ya watatu waliofia ndegeni na miili yao ikapatikana, na aliwaandikia mama zao hadi wa mwisho alipofariki. Lakini rubani, Desmond Pryor, alikuwa bado chini ya tope pamoja na ndege yake. Ilipochimbuliwa mwaka 1983, Bibi alisimama kando ya shimo siku tisa, ameshikana mkono na dada yake Desmond. Siku ya tisa walimkuta, mkanda wa kiti haujafunguliwa. Alikuwa ameishikilia ndege isipinduke ili wenzake waruke.

Babu Gosse alitutoka mwaka 1997. Mwaka 2009 Bibi alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya maneno mengi, na hilo lilimuuma kuliko kupooza mkono na mguu wa kulia. Aliaga dunia Jumatano, tarehe 9 Novemba 2011, nyumbani kwake, akiwa na miaka 87.

Orodha ya wanaobaki aliiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, nami Hiske, mjukuu wake, naisoma kama ilivyo: watoto watatu, Baukje, Sjoerd na Desmond, wajukuu saba, vitukuu wawili, na kaka mmoja, Leonard, ambaye ameketi nasi hapa mstari wa mbele.

Mungu amlaze Bibi pema, karibu na Rinse.